Siki, Magadi na Mvuke katika Usafishaji wa Mazulia ya Nyumbani

Mchuzi wenye manjano ukimwagika juu ya zulia la rangi ya maziwa, doa lake huwa la njano. Mwenye nyumba hukimbilia ndoo na kipande cha sabuni, akasugua kwa bidii, na mara doa lile hugeuka jekundu mithili ya damu iliyokauka. Hudhani ya kwamba sabuni ilikuwa mbovu, au kwamba zulia limeungua. Wala si hivyo. Rangi iliyomo katika manjano, iitwayo kurkumini, hubadilika inapokutana na kitu chenye alkali, na sabuni ya mche ina alkali. Ikikutana tena na asidi, japo ya ndimu, hurudi kuwa ya njano. Aliyemwagikiwa na mchuzi huwa amefanya jaribio la kemia sebuleni mwake pasipo kukusudia.

Jaribio hilo lafaa kukumbukwa katika siku hizi ambapo nyumba nyingi za mijini zina mashine za kusafishia mazulia, na wenye nyumba hushauriana kuacha dawa za viwandani na kutumia vitu vya asili: siki, ndimu, magadi, bikaboneti ya soda ile ya kupikia mikate na maandazi, na sabuni za mafuta ya mimea. Shauri hilo lina mema yake. Vitu hivyo ni vya bei nafuu, hupatikana kila mahali, na havijazi nyumba harufu kali. Lakini neno "asili" limewapoteza wengi. Asidi ya siki ni asidi, hata ikiwa imetokana na matunda. Magadi ni alkali, hata yakiwa yamechotwa ziwani. Kinachoweza kupotea kwa kutojua ni zulia la sufu lililorithiwa kwa wazee, mashine iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi, na pengine ngozi au mapafu ya mtumiaji mwenyewe.

Mashine mbili zisizofanana

Yapo mashine ya aina mbili ambayo mara nyingi huitwa kwa jina moja, na kosa la jina huleta kosa la matumizi.

Aina ya kwanza ni mashine ya kufulia mazulia. Ina matangi mawili. Tangi moja hutiwa maji safi ya uvuguvugu pamoja na dawa. Pampu huyarushia maji hayo ndani ya zulia, brashi husugua, kisha feni yenye nguvu huyafyonza maji machafu na kuyapeleka katika tangi la pili. Wauzaji wengi huiita mashine ya mvuke, lakini mvuke haumo. Maji yake hayafiki hata karibu na kuchemka. Kazi ya kufyonza imo katika ukoo wa mashine za kufyonza vumbi, ambazo mhandisi wa Kiingereza Hubert Cecil Booth alianza kuzitumia mwaka 1901. Mashine yake ya mwanzo ilikuwa kubwa mno. Ilivutwa na farasi na kusimama njiani huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani.

Aina ya pili ndiyo mashine ya mvuke hasa. Ndani yake mna boila ndogo iliyofungwa. Maji yakichemshwa katika chombo kilichofungwa, kanieneo ya mvuke hupanda, na joto la kuchemkia hupanda pamoja nayo. Kanieneo ikifika mara 3 ya ile ya hewa, maji huchemka kwa digrii 133 za Sentigredi hivi. Ikifika mara 4, kwa digrii 144 hivi. Mvuke ukitoka mdomoni mwa bomba hupoa upesi kuelekea digrii 100, lakini haujapoteza ukali wake. Gramu moja ya maji yanayochemka ikipoa hadi joto la mwili hutoa kalori 63 tu. Gramu moja ya mvuke ikigeuka kuwa maji hutoa kalori 540 kwanza, kisha hizo 63 juu yake. Ndiyo sababu mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto, na ndiyo sababu boila isifunguliwe kamwe kabla haijapoa na kutulia.

Joto hilo lina faida. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao huwasumbua wenye pumu, hufa katika joto la digrii 60 wakidumu humo kwa muda. Ila mizoga na kinyesi chao hubaki zuliani, na hivyo ndivyo vinavyoamsha pumu. Mvuke bila ya kufyonza baadaye ni kazi nusu.

Kinachotiwa katika boila

Jibu la swali hili ni fupi: maji matupu, basi. Ni vyema hata hivyo kueleza kwa nini, kwa kuwa watu wengi hupenda kutia kikombe cha siki katika boila wakidhani kwamba mvuke utapata nguvu zaidi.

Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5. Ikichemshwa, sehemu ya asidi hupanda pamoja na mvuke na kumwingia mtumiaji machoni na puani. Ile inayobaki hula chuma, shaba nyeupe na alumini za boila, na kazi hiyo huifanya upesi zaidi kadiri joto linavyozidi. Bikaboneti ya soda ina ubaya wake mwingine. Maji yenye bikaboneti yakichemka, bikaboneti huvunjika: hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kuacha kaboneti ya soda, ambayo ni alkali kali zaidi kuliko bikaboneti yenyewe. Gesi huongeza kanieneo ndani ya chombo kilichofungwa, na maji yanapokwisha, chumvi hukauka na kuziba tundu jembamba la mdomo wa bomba. Chombo kinachochemka na kilichozibwa mdomo hakihitaji maelezo marefu. Valvu ya usalama ndiyo tumaini lake la pekee.

Maji matupu nayo si yote sawa. Visima vingi vya pwani, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, huchimbwa katika mawe ya matumbawe. Mawe hayo ni chokaa. Maji yanayopita humo huyeyusha kiasi cha chokaa na kuwa maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni. Yakichemshwa, chokaa hujitenga na kugandama. Kila mwenye birika la chai ameyaona magamba hayo meupe. Katika boila ya mashine, magamba hufunika koili ya umeme, joto hushindwa kupenya, na koili huungua. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana chokaa, na kwa kazi hii ni bora kuliko ya kisima.

Hapa ndipo siki inapopata kazi yake ya haki. Boila iliyopoa na kuchomolewa umeme hutiwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ikaachwa kwa nusu saa, kisha ikamwagwa na boila ikasuuzwa mara mbili tatu kwa maji safi. Asidi huigeuza chokaa kuwa chumvi inayoyeyuka. Lita 1 ya siki ina nguvu ya kuyeyusha chokaa gramu 40 hivi, kiasi kinachotosha kuziba boila kadhaa. Ni jambo la busara kusoma kwanza kitabu cha maelekezo, maana baadhi ya watengenezaji hawaruhusu siki kabisa kwa ajili ya mipira ya kuzuia maji iliyomo ndani.

Ndoa mbaya ya siki na bikaboneti

Hakuna mchanganyiko unaosifiwa kuliko huu, wala unaostahili sifa kidogo kuliko huu. Siki ikimwagiwa bikaboneti hufanyika povu jingi lenye kelele, na mtazamaji huamini kwamba uchafu unashambuliwa. Kinachotendeka ni kwamba asidi na alkali zinauana. Lita 1 ya siki humalizana na gramu 70 za bikaboneti, na baada ya povu kutulia hubaki maji yenye chumvi iitwayo asetati ya soda, ambayo haisafishi doa lolote la maana. Ni kama kuwalipa vibarua wawili ili wapigane.

Madhara huanza pale mchanganyiko huo unapotiwa katika tangi na kifuniko kukazwa. Siki ile lita 1 na bikaboneti ile gramu 70 hutoa gesi lita 20 hivi. Tangi la mashine ya nyumbani huwa la lita chache tu. Plastiki ikivumilia, mipira ya pampu haivumilii.

Vitu hivyo viwili vikitumiwa kila kimoja kwa wakati wake vina manufaa. Bikaboneti kavu hunyunyizwa juu ya zulia kavu, ikaachwa saa kadhaa, ikafyonzwa; hutuliza harufu zinazotokana na asidi, kama vile ya maziwa yaliyochacha. Unga wake ni laini na huziba chujio la mashine, kwa hiyo usizidishwe, na chujio likung'utwe baada ya kazi. Siki hufaa kwa harufu ya aina ya pili. Mkojo wa mtoto uliokaa zuliani hushambuliwa na bakteria, ukatoa amonia, ambayo ni alkali. Siki iliyopunguzwa kwa maji huifunga amonia hiyo ikawa chumvi isiyo harufu, kisha maji matupu ya mashine huifyonza chumvi hiyo pamoja na mabaki mengine.

Mafuta ni habari nyingine. Siki haiondoi mafuta, wala bikaboneti haiyaondoi kwa kiasi cha kutosha. Kazi hiyo ni ya sabuni, ambayo molekuli zake zina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Lakini sabuni ya kweli, ile iliyopikwa kwa mafuta ya nazi au mawese na alkali, haipatani na siki. Asidi huivunja na kuirudisha katika asili yake ya mafuta, na mafuta hayo huganda juu ya nyuzi za zulia. Waliokwisha kuchanganya sabuni ya mche na siki wameona ute mweupe ukielea. Huo si uchafu uliotoka, bali ni sabuni iliyokufa. Maji magumu nayo huizimisha sabuni kwa njia inayokaribiana na hiyo, kwa kuifunga na chokaa.

Kuna jambo jingine kuhusu sabuni ambalo huwashangaza wengi. Zulia linalochafuka upesi baada ya kufuliwa mara nyingi halikufuliwa kidogo, bali limetiwa sabuni nyingi. Mabaki ya sabuni hukaa katika nyuzi yakiwa na unatanata, na kila mguu unaopita huyapelekea vumbi. Njia ya kujua ni rahisi: mashine itiwe maji ya uvuguvugu matupu na kupitishwa zuliani. Povu likionekana katika tangi la maji machafu, lilitoka zuliani. Zulia kama hilo halihitaji dawa mpya. Lahitaji kusuuzwa, na hapa nusu kikombe cha siki katika lita 4 za maji husaidia kumaliza alkali iliyobaki, maadamu mabaki ya sabuni yamekwisha kutolewa kwa maji matupu kwanza. Povu jingi pia ni adui wa mashine, kwa kuwa hupanda kutoka tangi la maji machafu hadi kwenye mota.

Kutokana na hayo, utaratibu ulio salama kuliko yote ni kutenga kazi mbili. Dawa ya asili, iwe siki au maji ya sabuni laini, hupulizwa juu ya doa kwa chupa ndogo ya kunyunyizia. Mashine hutiwa maji matupu na kuachiwa kazi ya kusuuza na kufyonza. Pampu na mipira havigusani na asidi isipokuwa ile kidogo inayorudi katika maji machafu.

Nyuzi za zulia zina asili yake

Tangu zamani majahazi ya kaskazi yalileta mazulia ya Kiajemi katika miji ya pwani, na yako majumba ambamo bado yanatandikwa. Hayo aghalabu ni ya sufu. Sufu ni nywele za kondoo, na nywele ni protini. Protini huchukia alkali. Katika maabara uzi wa sufu ukichemshwa ndani ya mmumunyo wa kostiki soda wa asilimia 5 huyeyuka wote usibaki, hali uzi wa pamba hubaki mzima. Magadi ya Ziwa Magadi la Kenya au Ziwa Natron la Tanzania si makali kama kostiki, lakini pH ya maji yake hukaribia 10, nayo hutosha kuifanya sufu kuwa ya njano, kavu na dhaifu. (Kipimo cha pH huanzia 0 kwa asidi kali hadi 14 kwa alkali kali, 7 ni ya maji safi.) Zulia la sufu lisiwekewe magadi hata mara moja. Siki iliyopunguzwa hulivumilia, kwa kuwa rangi nyingi za sufu zenyewe hutiwa katika maji ya asidi. Joto jingi la mvuke pamoja na kusugua huifanya sufu ijisokote na kunywea, kama fulana ya baridi iliyochemshwa kwa bahati mbaya.

Mkonge ni kinyume cha sufu. Mmea huo, ulioingizwa mwaka 1893 katika koloni la Wajerumani lililokuja kuitwa Tanganyika, hutoa katani ambayo hufumwa mazulia na mikeka ya sakafuni iliyo imara. Katani, kama pamba, ni selulosi. Haiogopi alkali nyepesi, lakini asidi inayoachwa ikaukie ndani yake huila polepole; maji yanapopungua, asidi huzidi kuwa nzito. Tena katani hunywa maji mengi, hutuna, na ikikauka huweza kujikunja au kuacha mawimbi ya hudhurungi. Mashine ya kufulia haifai kwa zulia la katani, na mvuke haufai pia. Hukung'utwa, hufyonzwa likiwa kavu, na doa hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Mazulia ya makumbi ya nazi yafuate desturi hiyo hiyo.

Mazulia ya nailoni na ya plastiki nyingine ndiyo yenye subira kubwa kwa asidi na alkali za jikoni. Udhaifu wao ni joto: mvuke ukisimamishwa mahali pamoja hulaza nyuzi zisisimame tena, na gundi iliyo mgongoni mwa zulia hulegea.

Kwa zulia lolote, jaribio la pembeni halina mbadala. Kitambaa cheupe kiloweshwe dawa, kigandamizwe kwa dakika chache kwenye kona isiyoonekana, kisha kitazamwe. Kikiwa na rangi ya zulia, kazi iishie hapo.

Madoa yenyewe nayo yana tabia zake. Damu, maziwa na yai ni protini, na protini hugandishwa na joto kama ute wa yai sufuriani. Kwa hayo ni maji baridi tu, na mvuke ni kuyapika zuliani. Chai na kahawa huzidi weusi zikipata alkali, kwa hiyo huanza na siki iliyopunguzwa. Mchuzi wa manjano huanza na kijiko: kinachokwanguliwa kisisuguliwe. Mafuta yake hutolewa kwa sabuni kidogo, na wekundu utakaotokea usimtishe mtu. Maji yenye ndimu au siki yatarudisha unjano. Unjano unaobaki huchakazwa na mwanga wa jua, na zulia dogo linaloweza kuanikwa hupoteza doa hilo kwa siku chache. Hina iliyoshika sufu haitoki kwa dawa ya jikoni, maana imekwisha kuwa rangi ya zulia kama ilivyo rangi ya kiganja.

Michanganyiko ya hatari

Siki au ndimu isikutanishwe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Asidi huitoa klorini katika dawa hiyo ikawa gesi yenye kuunguza koo na mapafu, na katika chumba kilichofungwa yaweza kuua. Ajali hii hutokea hata kwa mtu asiyekusudia kuchanganya: tangi lilisafishwa jana kwa dawa ya klorini, leo limetiwa siki. Amonia pamoja na klorini huleta gesi nyingine yenye sumu, na zulia lenye mkojo wa zamani lina amonia. Haidrojeni peroksidi, ambayo wengine huitumia kwa madoa, ikifungiwa pamoja na siki hufanya asidi ya peraasetiki, inayowasha macho na ngozi. Mafuta ya taa na petroli, ingawa yanajulikana kwa kutoa madoa ya rangi na lami, hayana nafasi yoyote katika mashine yenye mota, kwa sababu cheche moja hutosha. Mafuta ya maganda ya machungwa yana hatari iyo hiyo, nayo pia hulainisha baadhi ya plastiki.

Siki isiachwe idondoke kwenye sakafu ya marmar au terazo iliyo kando ya zulia, wala kwenye sakafu za chokaa za nyumba za kale za pwani. Vyote hivyo ni chokaa, na asidi haichagui kati ya magamba ya boila na sakafu ya mwenye nyumba. Huacha alama isiyong'aa ambayo haifutiki kwa kitambaa.

Kukausha

Katika miezi ya masika, hewa ya pwani huwa imejaa unyevu, na zulia lililofuliwa jioni laweza kukutwa bichi kesho yake adhuhuri. Likikaa majimaji zaidi ya siku moja, ukungu huota mgongoni mwake pasipoonekana, na harufu ya uvundo ndiyo habari ya kwanza kumfikia mwenye nyumba. Basi mashine ipitishwe mara mbili au tatu ikifyonza tu bila kutoa maji, madirisha yafunguliwe pande mbili za chumba, feni iwashwe, na ncha za zulia ziinuliwe kwa vigogo ili hewa ipite chini. Miguu ya makabati ya mbao na ya chuma itiliwe vipande vya plastiki, kwani rangi ya mbao na kutu huhamia katika zulia bichi. Siku ya kufua ichaguliwe asubuhi yenye upepo. Misikiti yenye mazulia mapana hufanya vyema ikifua safu moja moja baada ya alfajiri, ili kila safu iwe imekauka kabla ya kukanyagwa.

Maji machafu yamwagwe chooni au mferejini, si katika bustani, iwapo yana magadi au chumvi ya asetati. Kisha tangi lisuuzwe, liachwe wazi, na mpira wa bomba utundikwe mdomo ukiangalia chini hadi tone la mwisho litoke.